Ndimu, mkaa au jeli: kipi hung'arisha meno?

Dhana: ndimu na chumvi hung'arisha meno.
Hii ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Enameli, gamba la nje la jino, huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi huzidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Jino huonekana jeupe siku ile kwa sababu limechubuka. Enameli haioti tena, na chini yake ipo dentini, ambayo rangi yake ni manjano. Anayesugua ndimu kwa miezi huishia na meno ya manjano zaidi, na maji baridi humtia ganzi. Ukinywa maji ya ndimu, sukutua kwa maji matupu, mswaki usubiri nusu saa.

Dhana: mkaa na jeli ya kung'arisha meno kazi yao moja.
Kahawa chungu ya barazani, chai ya rangi, na tambuu yenye popoo, katu na tumbaku hupaka jino kwa nje. Mkaa uliosagwa huyatoa madoa hayo kweli, lakini chembe zake hukwangua enameli, na weusi wake hujificha kwenye nyufa na pembezoni mwa fizi. Bekingi soda, ambayo wengi huikimbia, ni laini kuliko dawa nyingi za meno. Kasoro yake ni kukosa floraidi, madini ya kukinga meno yasioze. Doa lililoganda na ugaga ni la kukwanguliwa na daktari wa meno.

Rangi ya ndani, iliyoletwa na umri au dawa ya tetrasaiklini utotoni, haisuguliki. Hiyo ni kazi ya peroksaidi, kemikali ya kung'arisha iliyomo kwenye jeli.

Dhana: kusukutua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kunatosha.
Kwa nguvu inakaribiana na jeli: jeli ya kabamidi peroksaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Lakini maji hutemwa, na jeli hubaki. Baada ya saa 2, karibu nusu ya nguvu yake bado inafanya kazi. Ndiyo maana huvaliwa usiku ndani ya kifuniko kilichotengenezwa kwa umbo la meno yako, kwa wiki 2 au zaidi. Meno ya tetrasaiklini huchukua miezi. Weka tone dogo upande wa mbele wa kila jino, vaa, kisha futa inayomwagikia fizi, maana huziunguza zikawa nyeupe. Vibandiko vya meno vyenye peroksaidi hufanya kazi pia, ila hufunika meno ya mbele tu, na yakiwa yamepandana rangi hutoka mabaka.

Dhana: jeli kali ndiyo bora.
Hufika haraka, lakini mwisho wake ni karibu pale pale, na ganzi huwa nyingi zaidi. Meno yakisisimka, ruka usiku mmoja na tumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti. Joto letu huimaliza peroksaidi: jeli iliyokaa juani dukani usiinunue, na yako iweke kwenye friji.

Jino lililozibwa au la bandia halibadiliki rangi. Ukitaka kuziba upya ili rangi zilingane, subiri wiki 2 baada ya usiku wa mwisho wa jeli.