Posdoki si shahada

Safari hii nimesikia posdoki ikiitwa shahada harusini. MC anamtambulisha mjomba wa bibi harusi: "Ana digrii, ana masta, ana PhD, na sasa yuko Ujerumani anasomea posdoki!" Vigelegele. Nimewahi kuiona pia kwenye wasifu wa mgombea mmoja, imepangwa juu ya PhD kama ngazi inayofuata.

Posdoki ni ajira. Ni kazi ya utafiti ya mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu, anayopewa mtu ambaye tayari ana shahada ya uzamivu. Haina mahafali wala joho. Mara nyingi mshahara unatoka kwenye fedha za mradi, na mradi ukifungwa, kazi nayo imekwisha. Maana yake ndiyo hiyo.

Kosa letu lina asili yake. Tanzania, mwanataaluma wa chuo cha umma huanza kwa kuajiriwa. Kijana mwenye wastani wa alama (GPA) kuanzia 3.8 anachukuliwa kuwa Mkufunzi Msaidizi, kisha anakwenda kufanya uzamili na uzamivu huku ajira yake ikimsubiri. Kwa hiyo mtu wa chuo akipanda ndege, sisi tunajua kaenda kusoma na kiti chake kipo. Wengi wanaofanya posdoki hawana kiti popote. Wakenya wana hali yao inayokaribiana na hiyo: daktari wa falsafa anayefundisha kwa muda, analipwa kwa idadi ya kozi, na malipo yenyewe huyasubiri hadi achoke kuuliza.

Mwanzoni posdoki ilikuwa heshima fupi. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, kilipofunguliwa mwaka 1876 kilitoa ufadhili kwa watafiti vijana, na baadhi yao walikuwa na uzamivu tayari. Mwaka 1919 fedha za wakfu wa Rockefeller zikaanza kuwalipia wanafizikia na wanakemia wa Marekani muda wa kufanya utafiti tu. Mwanafizikia Robert Oppenheimer alipata uzamivu Göttingen, Ujerumani, mwaka 1927, akapita kwenye ufadhili huo, na kufikia 1929 alikuwa ameanza kufundisha chuo kikuu cha Berkeley, California. Lilikuwa daraja la kuvukia. Leo watu wanahamia humo na familia, mkataba baada ya mkataba, nchi baada ya nchi, kwa sababu madaktari wa falsafa wameongezeka kuliko nafasi za kudumu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba MC wetu ana wenzake wakubwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007 kuhusu mikataba ya wanasayansi inaruhusu vyuo kuajiri kwa muda hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na mingine 6 baada yake (udaktari wa tiba ni 9), kwa hoja kwamba mtu huyu bado anajijenga kitaaluma. Yaani ana miaka arobaini, anasimamia maabara, anasahihisha tasnifu za wengine, na kisheria bado anajiandaa! Muda ukiisha, apate kazi ya kudumu, au ajibanze kwenye mradi wenye fedha kutoka nje, au aondoke. Wizara ya elimu na utafiti ya huko ilitoa video ya katuni mwaka 2018 kuusifu utaratibu huo kupitia mwanabiolojia aitwaye Hanna, ikieleza kwamba mikataba hiyo inazuia kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Juni 2021 watafiti waliipata video hiyo na kujaa mtandaoni na alama ya #IchBinHanna, yaani "mimi ndiye Hanna", kila mmoja akiorodhesha mikataba yake. Video ikaondolewa.

Ukimwita mtu mwanafunzi, kukosa kwake uhakika wa kazi kunaonekana jambo la kawaida, maana mwanafunzi gani ana pensheni? Naye mwenyewe huanza kuamini. Kijijini ni Daktari, na kila ada ya shule inapigiwa simu kwake. Huko aliko, mkataba ukiisha, barua pepe ya chuo inafungwa na jina linatolewa kwenye tovuti ya idara, wakati makala yake iliyotoka wiki hiyohiyo bado imebeba anwani hiyo. Viza nayo mara nyingi imefungwa kwenye mkataba. Akijaza fomu uwanja wa ndege, mahali pa "kazi", anasita.

Basi MC, ndugu yangu, hakuna ubaya, ulikuwa unampamba mjomba. Safari nyingine sema tu: "Ni mtafiti, anafanya kazi chuo kikuu huko Ujerumani." Vigelegele vitapigwa vilevile. Na mkikaa meza moja usimwulize anamaliza lini, maana kusoma alishamaliza, na kinachoisha Desemba ni mkataba.