Baiskeli ya tairi moja ya kwanza: anza na saizi, rangi baadaye

Wanaotaka kuanza huwa wananiuliza rangi na bei kwanza, hapana jamani, ulizeni saizi ya tairi. Hii kitu haina gia wala cheni, krenki (ile mikono inayoshika pedali) zimefungwa kwenye ekseli moja kwa moja, kwahiyo pedali zikizunguka mara moja na tairi limezunguka mara moja, basi, na breki ni miguu yako mwenyewe. Tairi la inchi 20 linakupeleka kama mita moja na nusu kila mzunguko, la inchi 36 karibu mita tatu, sasa fikiria unajifunza kusimama na hilo dude. Mtu mzima achukue 20 tu, mtoto mdogo 16. Ukiwa mrefu sana 24 inawezekana, ila mimi bado nitakwambia chukua 20 yenye bomba refu la siti, utashika haraka.

Simama pembeni yake, siti ikifika kwenye kitovu hapo ni pazuri pa kuanzia, halafu ukikaa na pedali ikiwa chini kabisa goti likunjike kidogo tu. Wengi wanaishusha ili miguu ifike chini, wanajisikia salama, kumbe ndo wanajichosha, maana uzito unatakiwa ukae kwenye siti na wao wameubeba wote kwenye mapaja. Siti iwe na plastiki ngumu mbele na nyuma kwasababu itapigwa chini mpaka uichoke.

Alafu kuna hili la pedali, hata mafundi wa baiskeli za kawaida linawapita. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume, kwahiyo ukiipanda baiskeli nyuma-mbele pedali zinajilegeza taratibu mpaka zinakula meno ya tundu la krenki pale pedali inapokazwa, na krenki imekufa. Angalia herufi L na R, L iwe mguu wa kushoto, maliza. Na ziwe za plastiki, zile za chuma zenye pini za kushika soli waachie wanaoruka ngazi, labda kama hupendi ngozi ya miundi yako.

Vifaa vya kujikinga, kama hela haitoshi vyote kwa pamoja anza na gadi za viganja na helmeti. Ukianguka, mara nyingi utatua kwa miguu, baiskeli ikakimbilia nyuma, lakini siku miguu ikichelewa mikono ndo inatangulia, na kifundo cha mkono kikivunjika hushiki hata kijiko. Gadi za magoti ni za pili, za miundi ni za pili na nusu hivi. Viatu soli iwe bapa, na kamba za viatu zichomeke ndani kabisa, kwasababu kamba ikijizungusha kwenye krenki tairi haliwezi kwenda bila pedali, inazidi kuvuta mguu tu na wewe huna pa kushukia.