Valvu ya chuma imekwama: maswali ninayoulizwa chumba cha CT

Valvu ni nini?
Ni milango ya moyo, iko minne. Hufunguka damu ipite, hujifunga isirudi nyuma. Wengi ninaowaona waliharibikiwa wakiwa wadogo, kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa yaliyoleta homa na kuvimba viungo. Mlango ukishakakamaa, mara nyingi huwekwa wa chuma.

Nimeshapimwa eko. CT ya nini tena?
Eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo ya kwanza, na kwa wengi inatosha. Ila chuma huficha kilicho nyuma yake. CT, mashine ya picha za eksirei za ndani ya mwili, inaupiga picha moyo ukiwa unadunda, tukaona kila kibao cha valvu kinavyofunguka, tukapima kimefunguka kiasi gani, na kama kuna damu iliyoganda pembeni.

Damu inagandaje?
Mara nyingi ni kwa sababu umeacha warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Lakini najisikia mzima kabisa.
Unajisikia mzima kwa sababu unaimeza. Usiache.

Nikibadilisha kwa aspirini, au dawa ya mizizi?
Hapana. Aspirini peke yake hailindi valvu ya chuma, na mizizi inaweza kuvuruga INR yako, kipimo cha kasi ya damu kuganda. Usiache.

Nikitokwa damu kwenye fizi? Nikitaka mtoto?
Njoo tupime, daktari arekebishe dozi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo njoo kabla hujabeba mimba, upangiwe dawa nyingine. Kuiacha kimyakimya nyumbani ndiko kunakotuletea wagonjwa usiku.

Nitajuaje imekwama?
Valvu ya chuma hulia tik-tik kama saa; sikiliza mlio wako. Dada mmoja aliambiwa na mumewe, "Mbona saa yako siisikii siku hizi?" Akangoja siku tisa, eti ni uchovu. Alipofika alikuwa hawezi kulala chali, na kwenye mkoba mna pakiti ya warfarini imebaki nusu. Kwenye picha, kibao kimoja kilikuwa tuli kama dirisha lililopigwa misumari, mwenzake anahangaika peke yake. Hapo ni kuyeyusha bonge la damu au kupasua kifua upya, na vyote viwili ni vya hatari. Mlio ukififia, pumzi ikibana, mdomo ukienda upande: hospitali siku hiyohiyo. Si Jumatatu, si baada ya mavuno.

Kipimo chenyewe kinauma?
Ni sindano tu ya mkononi. Unalala chali, unabandikwa nyaya kifuani, dawa ya kung'arisha picha inaingia mshipani na mwili unapata joto kidogo, unabana pumzi sekunde chache. Tuambie mapema kama una shida ya figo, mzio, mimba, au unatumia metformini, dawa ya kisukari.

Basi siku ya kipimo niiache warfarini?
Hapana, mama. Imeze kama kawaida.