Andagraundi si foleni ya kutoboa: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu hip-hop ya Nakuru na Kisumu

Jumapili alasiri huko Kaptembwo, Nakuru, vijana kama 12 husimama kwa duara pembeni mwa kiwanja. Katikati kuna spika moja ndogo iliyochajiwa usiku kucha na simu ya kuchezea biti, yaani mapigo tunayoimbia. Watu huenda kwa zamu: mmoja akichana, yaani akirap, wengine hunyamaza, au hupiga kelele mstari unapowagonga. Mimi huwa nipo. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara ametusikiliza kuliko redio yoyote ya mji huu, na kila tukimaliza hutuuliza, "Sasa watoto wangu, mtatoboa lini?"

Anauliza kwa upendo. Lakini ndani ya swali lake mna karibu makosa yote ambayo watu wa kwetu hufanya wanapoizungumzia hip-hop ya andagraundi. Na mengine tunayafanya sisi wenyewe tuliosimama kwenye duara.

"Andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoboa"

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Afrika Mashariki tumeligeuza neno andagraundi kuwa cheo cha chini kabisa: unaanza andagraundi, unachipuka, unatoboa, basi. Ukikaa huko miaka 10, watu wanakuonea huruma kama mwanafunzi anayerudia darasa kila Januari. Hata mabango ya tamasha yanaandikwa hivyo. Majina makubwa huwekwa juu, na chini kabisa kwa herufi ndogo, "pamoja na andagraundi wengine".

Ukweli ni kwamba neno hili linataja namna ya kufanya kazi. Rapa wa andagraundi huandika bila kuuliza kama mtangazaji atapenda. Wimbo wake ukihitaji dakika 6 bila kiitikio, unapewa dakika 6 bila kiitikio. Anarekodi kwenye chumba cha rafiki, blanketi limetundikwa ukutani kuzuia mwangwi, kisha anawapelekea wasikilizaji wake moja kwa moja kwa simu. Wapo wanaopita hapo wakielekea kwingine, na wapo ambao hapo ndipo nyumbani na hawana mpango wa kuhama. Wote tunawaheshimu.

Historia pia iko upande wetu. Siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa hip-hop ni 11 Agosti 1973, katika jumba namba 1520 la Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx, New York. Msichana aliyeitwa Cindy Campbell alitaka pesa za kununua nguo za kurudi shule, akaandaa sherehe. Wasichana walilipa senti 25 na wavulana senti 50. Kaka yake, anayejulikana kama DJ Kool Herc, ndiye aliyecheza santuri. Wimbo wa rap wa kwanza kuvuma kwenye santuri ulitoka mwaka 1979. Ina maana hip-hop iliishi miaka 6 ikitegemea spika, umeme uliovutwa kutoka nguzo za taa za barabarani, na watu waliojitokeza. Katika miaka hiyo hakukuwa na mahali pa kutobolea. Watu walikuwa na sherehe yao ya wikendi, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuandika mstari mpya.

"Hiyo ni ya Wamarekani, nyinyi mnaiga"

Kofia tuliiga, sikatai. Kazi yenyewe ni hadithi nyingine.

Kwanza, Kool Herc mwenyewe alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx akiwa na miaka 12. Desturi ya kurusha maneno juu ya muziki huku santuri inazunguka alikuwa ameiona kwao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hip-hop ni kitu kilichosafiri, na kila mji kilipofika kilikuta watu wenye maneno yao.

Kisumu ilikuwa na maneno mengi. Nenda kwenye ngoma ya Wajaluo, ohangla au benga, uone pakruok. Mtu anasimama katikati ya wimbo, anatoa pesa, wanamuziki wanasitisha, naye anajisifu: jina lake, kwao, mpenzi wake, marafiki zake, mahali alikopita wengine wakaogopa. Akimaliza, muziki unarudi, na tayari kuna mwingine ameinua mkono akitaka kumpita kwa maneno. Na mpiga nyatiti je? Ana nyuzi 8 mikononi, na mguuni pete ya chuma kwenye kidole gumba inayogonga ubao wa chombo kushika mapigo, huku mdomo wake ukisimulia habari za watu waliokaa mbele yake. Mtu mmoja ndiye biti, ndiye emsii, yaani mchanaji. Sisemi hip-hop ilitoka kwenye nyatiti, kwa sababu haikutoka huko. Ninachosema ni kwamba hip-hop ilipofika mtaa wa Kondele, Kisumu, masikio yalikuwa yamekwisha kufunzwa na babu zao.

Ndiyo maana Kijaluo kiliingia kwenye rap mapema. Rapa Poxi Presha alichana kwa Kijaluo miaka ya 1990, wakati wengi Nairobi bado walijiuliza kama lugha ya nyumbani inaweza kukaa kwenye biti. Kisha mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji wakatoa "Unbwogable". Tazama neno lenyewe: bwogo ni kutisha kwa Kijaluo, limetiwa kichwa cha Kiingereza na mkia wa Kiingereza, likawa "asiyetishika". Mwezi Desemba mwaka huohuo nchi nzima iliimba neno hilo kwenye kampeni zilizokiondoa chama cha KANU madarakani.

"Ni kusema haraka tu, mtu yeyote anaweza"

Hapa naomba unisikilize polepole, maana ndipo utamu ulipo.

Biti nyingi za duara letu zina mapigo 90 kwa dakika. Beti moja ni mistari 16, na kila mstari una mapigo 4, kwa hiyo una mapigo 64 tu, sekunde 43 hivi, kuanza hadithi, kuigeuza na kuifunga. Sasa chukua shairi la Kiswahili tulilofundishwa shuleni: mshororo una mizani, yaani silabi, 16: 8 upande huu na 8 upande ule. Pigo moja la biti hugawanyika kwa urahisi mara 4. Mapigo 4 mara vipande 4 ni 16. Mshororo mmoja wa shairi unaingia sawasawa ndani ya mstari mmoja wa rap, silabi kwa kipande, hakuna kinachobaki. Nilipoligundua hili nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Free Area, nikahesabu kwa vidole hadi stejini nikidhani nimekosea.

Lakini jaribu kuchana hivyo. Ni silabi 6 kwa sekunde na hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Kwa hiyo rapa mzuri huamua ni silabi gani aiache isisemwe. Kimya kile unachosikia kabla ya neno la mwisho kimepangwa kama neno lenyewe.

Halafu kuna vina. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa vokali, na vokali ziko 5. Kuoanisha irabu ya mwisho peke yake, au mkia uleule wa vitenzi, ni rahisi mno, mtoto wa chekechea anaweza. Pendana, gombana, onana, fichana: ukichana hivyo kwenye duara, watu wanaangalia viatu vyao. Sikio la andagraundi linataka silabi mbili, tatu zinazolingana, na ziwe zimetoka kwenye maneno ya aina tofauti ili zishtue. Sheng, lugha ya vijana wa mjini, husaidia kwa sababu hukata maneno yakaishia kwa konsonanti. Hata mji wetu umekatwa ukawa Nax. Kijaluo nacho kina konsonanti za mwisho tangu asili. Rech ni samaki. Kech ni njaa. Rapa wa Dunga, ufuoni mwa ziwa, amepewa vina hivyo viwili na lugha yake bure, na ndani yake mna habari nzima ya mvuvi anayerudi na mashua tupu.

"Ni wahuni na wavutaji"

Wavutaji wapo, kama walivyo kwenye timu za mpira, kwenye ofisi na kwenye familia zinazoheshimika. Duara letu lina fundi wa pikipiki, mwalimu wa chekechea, vijana wawili wa chuo na mmoja anayeuza mitumba sokoni. Kinachotutia mashakani machoni pa watu ni kusimama pamoja tukiwa wengi, mahali pa wazi, bila mpira. Huo si uhalifu, na inaniuma kila mara kijana anapopekuliwa mifuko kwa sababu ya kusimama na daftari.

"Ukitaka kusikika lazima uhamie Nairobi"

Nairobi iko kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, na kutoka Kisumu ni zaidi ya mara mbili ya hapo kwa barabara. Ukihama unakuta kodi ya nyumba, na unawaacha nyuma watu wanaojua unachokisema unapotaja mitaa ya kwetu kama Bondeni, Rhonda au Obunga bila kueleza. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya mtaa wa Manyatta, Kisumu, ukipakiwa mtandaoni leo unafika Nairobi kabla ya basi la usiku.

"Wasichana ni wa kiitikio"

Nimekwisha kukuambia nani aliandaa ile sherehe ya 1973. Sasa ongeza hili: santuri ile ya 1979 ilitolewa na Sugar Hill Records, na aliyewakusanya vijana walioiimba na kuiongoza kazi hiyo ni mwanamke, Sylvia Robinson. Mwanamke kwenye mlango wa kwanza, mwanamke kwenye mlango wa pili.

Kwetu tatizo lilikuwa saa. Zamani tulianza saa 1 jioni, kisha tukashangaa kwamba hakuna msichana anayekuja, kana kwamba hatukujua njia za mtaa wetu zina giza kiasi gani. Tulipohamia saa 9 alasiri, wawili walikuja ndani ya mwezi mmoja. Sasa ni wanne, na mmoja wao ndiye anayeogopwa kuliko wote kwenye fristaili, yaani kuchana papo hapo bila kuandika.

"Muziki huo hauna haki wala mali ya kulinda"

Dhana hii inatugharimu kweli. Vijana wengi wanaamini wimbo usiosajiliwa si mali ya mtu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi yako inalindwa tangu ilipoandikwa au kurekodiwa. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi mzuri ukishtaki, lakini haki haikuanzia kwenye cheti. Na haki ya maneno na muziki wako inadumu maisha yako yote, halafu miaka 50 baada ya kufa kwako.

Kuna mtego mwingine: wimbo una mali mbili. Maneno na muziki ni moja, rekodi yenyewe ni nyingine. Unaweza kuwa mwandishi wa kila neno na rekodi ikawa ya mtu mwingine, kama mlipatana hivyo studioni bila wewe kuelewa. Vilevile biti iliyoandikwa "bure" mtandaoni, mara nyingi ni bure kwa mazoezi tu. Ukianza kupata pesa mwenyewe anaweza kuidai, na ana haki. Andikianeni na prodyuza, hata kwa ujumbe wa simu: nani anamiliki nini, kwa asilimia ngapi. Nimeona urafiki wa miaka 8 ukivunjika kwa jambo ambalo lingemalizwa na sentensi mbili.

"Ukilipwa, umeuza roho"

Hii ni yetu sisi wa ndani, na ndiyo inayonichosha. Kijana akipata shoo ya kulipwa, akiimbia tangazo, wengine wanaanza kumwita msaliti, kana kwamba umaskini ndio unaoyafanya mashairi kuwa ya kweli. Cindy Campbell alitoza kiingilio. Anayetoa pakruok anaweka noti mezani. Pesa haikuwahi kuwa nje ya duara. La kuuliza ni nani aliyeubadilisha mstari: wewe, au aliyekulipa.

Mwaka jana mmoja wetu alilipwa kutunga tangazo la matatu za hapa Nakuru, sekunde 30, vina vya kupendeza watu wote. Wengine walitaka asikaribishwe tena. Jumapili iliyofuata alikuja, akapewa zamu ya kwanza kama kawaida yake, na biti ikawashwa. Mstari wa tatu aliweka "pendana", wa nne "onana", na duara lote likanyamaza. Akacheka, akaomba biti ianze upya.