Je, wajua kwa nini homoni za baba nazo hubadilika mtoto anapozaliwa?

Mama hubeba mimba, hupata uchungu, hunyonyesha. Si ajabu homoni zake zikabadilika. Baba hapitii hata moja kati ya hayo, lakini ukimpima damu au mate utakuta naye kabadilika. Kwake yeye, kichocheo kikubwa ni kulea kwenyewe.

Tuanze na testosteroni, homoni kuu ya kiume, maana ndiyo inayozua maneno. Mwaka 2005 watafiti waliwapima mate vijana wa kiume 624 wa Cebu, Ufilipino, wakarudi kuwapima tena mwaka 2009. Kati ya wale ambao hawakuwa na mke wala mtoto mwanzoni, wenye testosteroni nyingi ndio walioelekea zaidi kupata vyote viwili. Walipokwisha kuwa baba, kiwango kilishuka: asubuhi kwa takriban asilimia 26, jioni asilimia 34. Walioporomoka zaidi ni wenye mtoto asiyezidi mwezi mmoja. Na baba waliolea saa 3 au zaidi kwa siku walikuwa chini kuliko wale wasiojishughulisha na mtoto.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, na imeonekana pia Tanzania. Kwa Wahadzabe, ambako baba hushinda karibu na watoto na kuwabeba, testosteroni ya baba ni ya chini kuliko ya wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, ambako mtoto mchanga ni shughuli ya wanawake, tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo kuitwa baba hakutoshi. Na anayehofia uanaume wake atulie: kwa kawaida kiwango hicho hubaki ndani ya mipaka ya mtu mzima mwenye afya, na wanaume hawa huendelea kuzaa kama kawaida.

Homoni ya pili ni oksitosini. Hutengenezwa ndani ya ubongo na kumwagwa kwenye damu kupitia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kwa mama husukuma uchungu na kutoa maziwa. Kwa baba huenda sambamba na mguso na mchezo. Wazazi wapya 160 walipopimwa mtoto akiwa na wiki 6, kisha miezi 6, wastani wa baba haukutofautiana na wa mama. Mama wenye oksitosini nyingi walipapasa na kusemesha zaidi. Baba wenye nyingi walichezesha mikono na miguu ya mtoto na kumwonyesha vitu. Kwa hiyo mchezo wa baba nao ni malezi kamili. Ila kichanga hatikiswi wala harushwi juu, hata kwa utani: shingo yake haijakaza na ubongo unaweza kuvuja damu.

Njia rahisi ya kuanza ni ngozi kwa ngozi. Vua shati, keti ukiegemea nyuma kidogo. Mlaze mtoto kifudifudi kifuani akiwa na nepi tu, uso umegeukia upande, kidevu kimeinuka, pua na mdomo vionekane muda wote. Mfunike mgongo kwa shuka, ukae naye saa nzima ikiwezekana. Ukisikia usingizi, mrudishe kitandani kwake; kusinzia naye kwenye kochi ni hatari ya kumkosesha hewa.

Wengi hukwama mahali pamoja: mtoto akilia, baba anamwita mama. Mguso unakatika, na baba hajifunzi kilio cha njaa kiko vipi na cha gesi kiko vipi. Dawa ni kumwachia baba kazi moja ya kila siku iwe yake kabisa, kama kumwogesha mtoto, au kumcheulisha akishanyonya. Mama asisimame nyuma akisahihisha kila kitu. Wengine hawahisi chochote siku za mwanzo. Mapenzi huja polepole, wiki hata miezi, na hilo si kasoro.

Kuna baba ambao testosteroni ikishuka sana huambatana na dalili za sonona. Huzuni, hasira zisizoeleweka au kukosa hamu ya kila kitu vikizidi wiki 2, aende akamwone mhudumu wa afya.