Kikao cha malezi bila mtoto ni hotuba tu

Kazi yangu ni kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kukaa na wazazi wenye watoto wa chini ya miaka mitatu. Nikiitwa kukagua kikundi cha malezi, daftari la mahudhurio naliacha kwanza, natazama watoto wako wapi. Kama wameachwa nyumbani na dada zao ili "wasisumbue", najua kitakachofuata: mhudumu atasimama asome kitini, kina mama wataitikia "ndiyooo" kwa pamoja, soda zitagawiwa, na kila mtu atarudi kwake kama alivyokuja.

Ushahidi ninaouegemea zaidi unatoka Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa ya watu maskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa maziwa ya unga kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya kwa saa moja kila wiki. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata hata kimoja. Wahudumu wale walikuwa watu wa kawaida wa jamii, wamebeba vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Walicheza na mtoto mama akiwepo, kisha wakamwachia mama aendelee. Hivyo kwa miaka 2.

Watoto wale walitafutwa tena wakiwa na umri wa miaka 22. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliokuwa wametembelewa walipata kipato kikubwa kuliko wenzao kwa takribani asilimia 25. Waliopewa maziwa peke yake hawakuonyesha faida ya namna hiyo. Tafadhali usitoke hapa ukaenda kusema lishe haina maana. Tanzania yetu, kwa utafiti wa afya wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mtoto mwenye njaa hachezi. Ila uji peke yake hautoshi.

Sasa, kikao kinachofaa kinakwendaje? Mwongozo tunaoutumia, wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, unamtaka mhudumu aanze kwa kuuliza: unacheza naye vipi? Unaongea naye vipi? Unafanya nini ili atabasamu? Kisha anyamaze, atazame. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi.

Nilimwona mhudumu mmoja akiifanya kazi hii vizuri, kwenye mkeka, chini ya mwembe wa zahanati. Mama alikuwa na mtoto wa kiume wa kama miezi minane. Alipoulizwa anacheza naye nini, alicheka: "Huyu? Si bado mdogo, tucheze nini?" Mhudumu akampa vikombe viwili vya plastiki. Mama akaanza kumgongea mtoto vikombe usoni, na mtoto alipokitia kimoja mdomoni, akamnyang'anya.

"Mwache kwanza, dada. Mtazame anataka nini."

Mtoto akakizungusha kikombe, akakipiga kwenye mkeka, akainua macho kumtazama mama yake.

"Haya, fanya kama yeye."

Mama akapiga chake. Mtoto akatulia, mdomo wazi, kisha akapiga tena. Mama akajibu. Mara ya tatu mtoto akaangua kicheko, na kina mama wa pembeni nao wakacheka. Mhudumu hakutoa somo lolote la ubongo. Alisema tu, "Umeona alivyokusubiri umjibu?" Kwangu mimi, sentensi hiyo ina thamani kuliko kitini kizima, kwa sababu imemwonyesha mama kitu alichokifanya yeye mwenyewe, kwa mwanawe mwenyewe, muda huo huo. Mtoto anatoa ishara, mkubwa anaiona na kuijibu, mtoto anaendelea. Hayo ndiyo malezi yenye mwitikio, moja ya mambo matano yanayosisitizwa katika programu jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi (PJT-MMMAM) iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Watu huniambia hakuna nafasi ya kufanya hayo kliniki. Muuguzi ana foleni ya kina mama, kila mtoto avalishwe suruali ya mizani, aning'inizwe alie, kilo ziandikwe kwenye kadi, achomwe chanjo, aitwe mwingine. Ni kweli, hana dakika ya ziada. Lakini mama aliyepo kwenye foleni hiyo anazo dakika nyingi sana. Tandika mkeka pale kwenye benchi la kusubiria, weka vikombe, makopo yasiyo na makali, vitambaa vya rangi, na mhudumu mmoja wa jamii. Visiwepo vifuniko vya chupa wala mbegu; chochote kinachoingia chote mdomoni mwa mtoto kinaweza kumpalia.

Kuna ushauri mmoja ambao ningependa tuuache kabisa: "tenga nusu saa kila siku ya kucheza na mtoto." Unamwambia nani? Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, akachota maji, akaenda shambani mtoto akiwa mgongoni? Nusu saa hiyo aitoe wapi? Tunamwambia aongee na mtoto anapomwogesha, amtajie vitu wanavyopita njiani, amwachie sufuria na mwiko wakati yeye anaosha vyombo. Mzigo wake hatuuondoi kwa maneno. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku akirudi kazini. Muuza mboga wa sokoni hana hata moja ya hizo. Kwake yeye, kituo cha kulelea watoto mchana kilicho karibu na genge lake na chenye bei anayoimudu ni msaada mkubwa kuliko mafunzo yangu yote.

Kina baba wanalaumiwa hawaji. Kikao kimepangwa Jumanne saa nne asubuhi, waje saa ngapi? Wafuate kijiweni kwa bodaboda, au baada ya ibada.

Bibi ndiye wa kutembelewa mapema zaidi. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto, na akisema kuongea na kichanga ni upuuzi, mafunzo yameishia hapo. Mpe shikamoo yake, kaa chini, muulize watoto wa zamani walibembelezwaje. Utakuta anajua nyimbo na michezo ya vidole ambayo mhudumu wa miaka 24 hajawahi kuisikia, na akiombwa amfundishe mkwewe, ameshakuwa mwalimu wa kikundi.

Yote haya yanataka mtu anayerudi nyumba ile ile mara kwa mara, na mtu huyo anahitaji nauli na posho isiyochelewa. Ningeulizwa na halmashauri, ningechagua familia 50 zinazotembelewa kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima kuliko familia 500 zilizokusanywa ukumbini siku moja. Ripoti ya 500 inapendeza zaidi, najua, na ndiyo maana kwenye vikao vya bajeti hoja yangu huwekwa mwisho wa ajenda.