Udikteta wa mashinani: yanayosemwa barazani na ukweli wake

"Nchi ina uchaguzi, udikteta utatoka wapi?"

Dhana hii ndiyo inayopotosha zaidi, maana mtu au kundi moja linaweza kutawala eneo kimabavu ndani ya nchi yenye uchaguzi. Marekani ilikuwa na uchaguzi, bunge na mahakama, ilhali jimbo la Mississippi, kwa katiba yake ya 1890, liliwazuia watu weusi kupiga kura kwa kodi ya dola 2 kwa mwaka na mtihani wa kufafanua katiba, ambao karani aliamua apendavyo nani kafaulu. Kura zilipigwa kila msimu. Sheria ya shirikisho iliyovunja mfumo huo ilikuja 1965.

"Dikteta ni bunduki na askari."

Mashinani silaha ni leseni, basari, zabuni na nafasi ya kibanda. Mama mwenye meza ya nyanya katika soko la Kongowea, Mombasa, akihofia kupoteza meza ile, atanyamaza hata kabla ya kutishwa. Kinga yake ya kwanza ni karatasi. Kifungu cha 210 cha Katiba ya Kenya kinakataza kodi au ada ya leseni isiyowekwa na sheria, na ada za kaunti huorodheshwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Adai risiti, kisha alinganishe kiasi na jedwali la sheria hiyo. Bila risiti malalamiko hukwama, maana hana cha kuonyesha.

"Mambo yakizidi, Nairobi itaingilia."

Mara nyingi wakubwa wa kitaifa hunyamaza, kwa sababu bwana wa eneo huwaletea kura. Huko Santiago del Estero, Argentina, Carlos Juárez alishika ugavana mara ya kwanza 1949. Yeye, na baadaye mkewe Nina, walitawala kwa vipindi hadi 2004, serikali ya shirikisho ilipoingilia. Mauaji ya wanawake wawili mwaka uliotangulia yalikuwa yamezua maandamano na kuvuta macho ya nchi nzima. Kwetu, Kifungu cha 192 kinadai uchunguzi wa tume huru na idhini ya Seneti kabla Rais hajasimamisha kaunti (isipokuwa kwa dharura ya vita au mgogoro wa ndani), tena kwa siku zisizozidi 90. Tume iliyochunguza Kaunti ya Makueni ilipendekeza isimamishwe. Rais alikataa, 2015.

"MCA watamwondoa gavana."

MCA, yaani wajumbe wa bunge la kaunti, wanaweza, kwa theluthi mbili ya wajumbe wote, kisha Seneti iamue. Ila MCA anayengoja barabara ya wadi yake itoke kwa gavana huyo huyo hupata shida kuinua mkono.

"Maandamano yanahitaji kibali."

Sheria inataka taarifa kwa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, ikitaja mwandalizi, mahali na saa, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Wengi huandika "tunaomba ruhusa", na anayeombwa hupata nafasi ya kukataa. Andika "tunakuarifu". Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.

"Hesabu za kaunti ni siri."

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kujibu, na huna haja ya kueleza sababu. Maombi mengi hufa kwa kuwa mapana mno: "tupeni hesabu za barabara." Taja mradi, wadi, mwaka wa fedha na hati unayoitaka, mfano mkataba au hati za malipo. Siku 21 zikipita kimya, hesabu umekataliwa, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala pamoja na nakala ya ombi lako yenye muhuri.